Muhtasari wa Kikao Ambacho Hakikufanyika

Katika miaka yangu ya uandishi nimeandika jambo nililojua kabisa kuwa ni la uongo mara moja tu, na wala sikulipwa. Niliandikia kwenye meza ya dirisha la dawa, katika kituo cha afya kimoja wilayani Rungwe, mvua ya Tukuyu ikipiga bati kwa nguvu hadi mtu aliyekaa pembeni yangu ikabidi apaze sauti kunitajia tarehe ya kuweka.

Kituo sikitaji. Mama mdogo wangu alikuwa muuguzi mkunga pale, na baadhi ya wenzake bado wako kazini.

Nilikuwa nimekwenda likizo, kula ndizi na kulala. Nikakuta watu hawalali. Ulikuwa mzunguko wa pili wa tathmini ya nyota, ule wa mwaka wa fedha 2017/18. Kwa ambaye hakuwahi kuisikia: kuanzia mwaka 2015, chini ya ule mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, Wizara ya Afya ilituma wakaguzi kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya wilaya, wapime maeneo 12 ya huduma na uongozi, kisha kila kituo kipewe nyota, kuanzia sifuri mpaka tano. Shabaha ilikuwa nyota tatu. Mzunguko wa kwanza ulitia aibu. Zaidi ya thuluthi moja ya vituo nchini vilitoka bila nyota hata moja. Kituo cha mama mdogo kilipata moja.

"Ya huruma hiyo," alisema. "Yule mkaguzi alimuona mlinzi wetu alivyozeeka."

Mganga mfawidhi aliposikia kuna mwandishi wa habari nyumbani kwa sista, alinifuata mwenyewe. Alitaka mazoezi. Alitaka mtu mgeni avae koti, ashike karatasi ya maswali, apite idara kwa idara kama mkaguzi, ili watumishi wazoee kuulizwa bila kutetemeka. "Ninyi ndio kazi yenu kuuliza," alisema. Nikakubali. Nakiri nililifurahia lile koti.

Majibu yalikuwa yamekaririwa kama ngonjera. Ndoo nyekundu taka gani, ya njano taka gani, ya bluu taka gani. Boksi la sindano linafungwa likifika robo tatu. Friji ya chanjo nyuzijoto mbili hadi nane, inapimwa asubuhi na jioni. Nikafika kwa mhudumu mmoja wa usafi, mama mtu mzima, nikamuuliza anachanganyaje jiki. "Jiki moja, maji sita," akajibu kabla sijamaliza. Nikamuuliza kwa nini sita. Akanitazama, akamtazama sista aliyesimama nyuma yangu, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hilo halimo."

Tulicheka wote, yeye akacheka zaidi. Lakini jibu lile lilinikaa. Nilikuwa nimelisikia chuoni, mitihani yote ile: halimo.

Ukutani palikuwa na bango lenye maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Hizo ndizo S tano za Wajapani, zilizotoka viwandani kwao, zikapitia hospitali moja ya akina mama kule Colombo, Sri Lanka, halafu zikaingia nchini kwetu kupitia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007. Yaani mwendo wa kosta tu kutoka pale tulipokuwa. Sijui ni nani aliyekaa akatafuta maneno matano ya Kiswahili yaanzie na S na bado yalete maana, ila namuonea wivu. Sasambua! Ni neno unalotegemea kulisikia jikoni, anamenywa ndizi mtu, halafu unalikuta kwenye waraka wa serikali.

Na walisasambua kweli. Magodoro mabovu yalitoka stoo. Mabomba mawili yaliyokauka tangu sijui lini yakatoa maji. Sanduku la maoni lilivunjwa kwa bisibisi kwa sababu ufunguo ulipotea zamani. Ndani mlikuwa na karatasi tatu. Moja iliuliza choo cha wanaume kitafunguliwa lini. Ya pili ilikuwa risiti ya mbolea. Ya tatu iliandikwa "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, bila jina wala tarehe. Waliibandika ukutani.

Jioni ile nilimkumbuka Gogol. Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tamthilia iliyopanda jukwaani Urusi mwaka 1836, ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Christon Mwakasaka, ambaye pia aliandika kitabu cha Kiingereza kuhusu fasihi simulizi ya Wanyakyusa. Nimewahi kujiuliza kwa nini aliichagua tamthilia ile, sasa sijiulizi. Mwanzoni kabisa, mkuu wa mji anaposikia mkaguzi yuko njiani, anahangaika na hospitali: wagonjwa wavalishwe kofia safi, juu ya kila kitanda kiandikwe jina la ugonjwa kwa Kilatini, na ikiwezekana wagonjwa wenyewe wapunguzwe. Nilimsimulia mama mdogo. Hakucheka kama nilivyotarajia. "Sisi hatupunguzi," alisema. "Sisi tunaongeza makaratasi."

Makaratasi ndiyo yaliyonifikia mimi. Kituo kilitakiwa kiwe na timu ya uboreshaji wa huduma, inayokutana kila robo mwaka, na mihtasari yake iwe kwenye faili. Timu ilikuwepo, majina yalibandikwa. Vikao havikuwepo. Daktari hakunizungusha: "Wewe unaandika vizuri. Tusaidie mitatu tu."

Ningeweza kukataa. Sikukataa, na sababu zangu zilikuwa nzuri kama za kila mtu. Watu hawa walikuwa wachache mno kwa kazi yao, mama mdogo alikuwa akiunganisha zamu ya usiku na ya mchana, na huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hakukaa kikao kwa uzembe. Nikaanza na robo ya Julai hadi Septemba. Mahudhurio, kufungua kikao, yatokanayo. Niliandika haraka, kwa raha hata. Kwenye ajenda ya nne, miundombinu, nilihitaji sentensi ya kujazia, nikaandika kwamba wajumbe waliridhishwa na hali ya taa na umeme katika chumba cha kujifungulia. Daktari akasaini, mhuri ukagongwa, karatasi ikatobolewa na kuingia kwenye faili.

Wa pili ulinishinda. Nilikuwa nimemaliza uongo wangu wote wa kawaida. Tulikuwa watu sita pale dirisha la dawa, tunasubiri mvua, nikauliza: hebu nisaidieni, kama mngekuwa mmekaa, mngezungumza nini?

Kimya. Halafu mama mdogo akasema, bila kuinua macho kwenye pamba alizokuwa anakunja, "Ningesema taa ya leba."

Akaeleza. Agosti, usiku, umeme ulikatika mama akiwa ameshajifungua na anavuja damu. Jenereta haikuwa na mafuta. Alimshona kwa mwanga wa simu, ameishika mama mkwe wa mgonjwa. Simu ikaisha chaji. Akamalizia kwa vidole. Mgonjwa alipona, alipelekwa hospitali alfajiri, akarudi na mtoto wake. "Mwezi uliopita nilimuona sokoni, akaninunulia parachichi."

"Mbona hukusema?" daktari akauliza.

"Ningesemea wapi?"

Hakulisema kwa ukali. Mtu wa maabara akasema na yeye ana lake. Mhudumu wa jiki moja maji sita akasema glovu anazopewa yeye zinatoboka, ndiyo maana anaziogopa zile ndoo nyekundu. Mlinzi akaingia kukwepa mvua, naye akatoa la kwake kuhusu geti. Kufika saa moja usiku nilikuwa na kurasa nne, na kila jambo likiwa na jina la mtu wa kulifuatilia na tarehe. Nikaweka tarehe ya siku ile ile. Ndio ulikuwa muhtasari pekee wa kweli kwenye faili lile, na ulikuwa mchafu, una mistari iliyokatwa.

Mitatu iliyotakiwa ikawa miwili. Daktari alikubali hilo bila ubishi. Nilipomuomba tuutoe ule wa kwanza, alisita. Umeshasainiwa, alisema, na bila huo faili litaonekana limeanza juzi. Nilisema sawa. Ningeweza kusema mara ya pili. Nilikuwa nimeandika kwamba wajumbe waliridhishwa na taa, katika robo ile ile ambayo mama yule alikuwa anavuja damu gizani, na nikasema sawa.

Wakaguzi walikuja nikiwa nimesharudi kazini Dar es Salaam. Mama mdogo alinipigia jioni, amechoka ila ana furaha. Mhudumu aliulizwa jiki, akajibu, halafu akaongeza mwenyewe kwamba sita ni kwa sababu jiki inakuja kali, inatakiwa ishuke hadi nusu asilimia. Alikuwa amekwenda kumuuliza mtu wa maabara. Nyota walizopata baadaye zilikuwa mbili.

"Na faili?" nikauliza.

"Walilisoma. Ule wa siku ya mvua waliupitia tu, wakasema tujifunze kuandika safi. Ule wa Septemba waliusifia sana. Wakauliza katibu ni nani."

"Mkasemaje?"

"Daktari akasema amehama."

Nikanyamaza kidogo. Kisha nikamuuliza kama taa ya leba imeletwa.

"Bado. Ila tumechanga, tumenunua tochi ile ya kufunga kichwani. Inafaa. Mikono inabaki huru."