Chanjo iliyoganda Garissa

Nimekuwa kimya wiki mbili. Nilikuwa ndani ya draiva moja ya Linux, natoa takataka.

Kisa ni hiki. Kuna zahanati nje ya mji wa Garissa yenye kompyuta inayotegemea betri ya sola. Kadi yake ya PCI inasoma joto la friji ya chanjo, na ili betri isiishe, kompyuta inalala na kuamka kila nusu saa. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Asubuhi moja rekodi ikaonyesha -1. Nesi akanipigia: "Walaal, chanjo imeganda au kompyuta yako ndiyo imeganda?" Swali zito, maana chanjo ya pepopunda ikiganda huharibika, na kuitupa ni kurudisha watoto nyumbani. Kipimajoto cha ndani ya friji kilisema 5.

Tufungue msimbo. Draiva ilifuata mtindo wa zamani: kompyuta ikitaka kulala, draiva yenyewe inahifadhi hali ya kadi na kuiteremsha hadi usingizi uitwao D3. Lakini wakati huo vifaa vingine bado viko macho, na kadi yetu inatumia laini moja ya kuita na kadi ya mtandao. Kadi ya mtandao ikibisha hodi, keneli inaita draiva zote mbili. Yetu inakwenda kusoma kadi iliyolala, ambayo haiwezi kujibu, na kinachorudi ni biti zote 1. Draiva inadhani ni kipimo kipya. Biti 16 zote 1, zikisomwa kama namba yenye alama, ni -1. Baridi yetu hiyo!

Katika mtindo wa dev_pm_ops, draiva inanyamazisha kadi yake tu. Keneli inahifadhi hali na kuilaza baadaye, milango ya kubisha ikishafungwa. Nimefuta mistari 41, nikaongeza 9. Mwaka 2020 Vaibhav Gupta alisafisha hivi draiva nyingi za Linux, nyingi zikijaribiwa kwa kukompaili tu. Simlaumu, nani ana kadi zote hizo? Mimi ninayo hii moja, nikailaza na kuiamsha mara 300 usiku kucha. Hakuna -1.

Anayetaka kiraka aniandikie. Ukijaribu, hakikisha kadi ya mtandao ina kazi nyingi wakati wa kulala, la sivyo hitilafu hutaiona kabisa.