Kutoka Sanga hadi Lubumbashi: hatukuwa peke yetu

Sisi wasichana wa Sanga tulipanda gari la moshi Kamina, kilometa karibu 600, kwenda kusomea ualimu Lubumbashi. Majuma ya kwanza tulilia usiku. Hakuna aliyetuita kwa jina. Jumapili moja tukasikia Kiluba chini ya mwembe: wanafunzi wa Haut-Lomami walikuwa na kikao chao. Wakatupa bukari na sombe, wakauliza sisi ni watoto wa nani. Mwenzetu alipokosa pesa za masomo na kufunga mizigo, walichanga mpaka akabaki. Leo tunafundisha pamoja naye hapa Sanga. Mama, mtoto akienda kusoma mbali, mtafutie kwanza watu wa kwao, ndipo umtafutie chumba.