Samaki ya kwako iko wapi?



Kwetu Pweto ukitaja Moïse Katumbi, watu wanagawanyika palepale. Wamoja wanasema: "Ule mutoto wa ziwa ametuinua." Wengine wanauliza: "Njo tutakula bale?" Mimi nilikuwa wa wale wa kwanza, kupita kiasi.

Ilikuwa mwaka 2010. TP Mazembe, timu ambayo Katumbi aliiongoza tangu 1997 na kuilisha kwa mali yake ya kazi za migodi, ilikuwa imechukua kombe la Afrika mara mbili mfululizo. Tarehe 14 Desemba, kule Abu Dhabi, ikapiga Internacional ya Brazil 2-0. Timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya klabu za dunia! Golikipa Kidiaba akarukaruka kwa matako, hata wazee wa kanisa wakacheka mpaka machozi.

Nkambo peke yake hakucheka. Kwake, "Tout Puissant" ni jina la Mwenyezi Mungu, si la watu wenye kukimbilia bale. Tukamwambia kwamba Mapadre Wabenedikto ndio walioianzisha mwaka 1939 kwa jina la Mtakatifu Georges. Akajibu: "Basi bangeacha lile."

Kesho yake baba alinituma sokoni na samaki wakavu. Pesa ilikuwa ya minervale, yangu na ya mdogo wangu wa kike. Niliuza wote, nikanunua jezi ya mistari myeusi na myeupe. Tarehe 18 Inter Milan ikatupiga 3-0, nami nikalia ndani ya ile jezi.

Baba hakunipiga. Alisema tu: "Ule Katumbi ya kuimba kila siku, alianza na kuuzisha samaki kwa Gécamines. Samaki ya kwako iko wapi?"

Januari tulirudishwa nyumbani wote wawili. Mimi baba alinilipia kisha, maana nilikuwa karibu kumaliza. Mdogo wangu alipoteza mwaka mzima, naye hakuwa amenunua kitu.

Sisemi tajiri asilipe wachezaji. Pesa ni yake, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Wengine wetu hatukuwa na nyingine. Lakini tulikuwa tunahesabu mfuko wake kama wetu: "tumenunua fulani", "tumelipa fulani". Alipokuwa uhamishoni, 2016 mpaka 2019, watu walidhani timu itakufa. Ilichukua Kombe la Shirikisho 2016 na tena 2017, na sisi wa Pweto tukaendelea kutafuta minervale kama kawaida.

Novemba 2024 wanawake wa Mazembe walipiga AS FAR 1-0 kule Moroko, wakawa mabingwa wa Afrika. Mdogo wangu alinipigia simu usiku, anapiga kelele kuliko mtoto. Halafu akanyamaza kidogo, akauliza kama ile jezi ingali ipo.

Ipo. Hajaivaa hata siku moja. Nilimtumia Jumatatu.