Dufu na Ingoma Katika Nyumba Moja



Ndugu wasomaji, kila unapofika msimu wa harusi hapa Nyakabanda, swali huwa lile lile, na safari hii limetugawa hata sisi wa nyumba moja: lipigwe dufu au ingoma? Wazee wanataka dufu na kaswida za Kiswahili. Vijana wanataka intore, wale wachezaji wenye mikuki na ngao na nywele za katani kama manyoya ya simba. Kijana mmoja alisema dufu ni mambo ya Waarabu. Mzee akamjibu kwamba ingoma ilikuwa ya wafalme, haikuwahi kuwa ya Waislamu. Tumeona tuandike kidogo, maana wote wawili wamesahau kwamba vitu hivi vimefika mtaani kwetu vikiwa vimebebwa na wahamiaji.

Tuanze na dufu. Uislamu uliingia Rwanda pamoja na wafanyabiashara, askari na makarani waliotoka pwani na Tanganyika enzi za Wajerumani. Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907, na mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa Al-Fat'h, jirani zetu hapa. Watu wale hawakuja na Qur'ani peke yake. Walikuja na kanzu, kofia, biriani, Maulidi na Kiswahili chao, na wenyeji waliosilimu wakavipokea vyote kwa pamoja. Ndiyo maana kwa Mnyarwanda, neno "Mswahili" likawa na maana ya Muislamu, hata kama mtu huyo babu zake wote wamezikwa hapa hapa milimani.

Jina hilo halikuwa la heshima. Enzi za Wabelgiji Waislamu wa Kigali walitengewa Biryogo, mahali palipoitwa Camp Swahili, na kutoka kwenda kwingine kulihitaji kibali. Miaka ya 1930 zikaja kadi za utambulisho zilizogawa watu kuwa Wahutu, Watutsi na Watwa, lakini Muislamu aliendelea kuonwa kama mtu wa kando, kama kabila la wageni. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wapo watoto waliobadilishwa majina ili wapate nafasi darasani. Mswahili likawa pia tusi: mjanja, mwongo, asiyeaminika. Hadi leo mtaalisikia sokoni.

Fikirini basi mtu wa namna hiyo, dereva au fundi cherehani, usiku wa Maulidi. Mchana alikuwa mgeni katika nchi yake. Usiku ule anakaa safu moja na wenzake, dufu mkononi, anaitikia kwa lugha inayofahamika Ujiji, Tabora, Unguja na kule Buyenzi mjini Bujumbura. Kwake dufu lilikuwa kadi ambayo serikali haikumpa. (Ndugu zetu wanaosema Maulidi ni bidaa tunawaheshimu, na hapa hatuingii katika mjadala huo.)

Sasa ingoma. Kuanzia mwaka 1959 maelfu ya Watutsi walikimbilia Burundi, Uganda, Tanzania na Kongo, na wengi wakazaa na kulea huko. Mtoto aliyezaliwa ukimbizini hakuijua Rwanda kwa macho. Aliijua kwa nyimbo na kwa hatua za intore alizofundishwa na wakubwa wake. Athanase Sentore, bingwa wa inanga, alikuwa mmoja wa walioendeleza sanaa hiyo nchini Burundi, na mwanawe Massamba Intore alizaliwa huko huko. Cécile Kayirebwa naye aliimba Rwanda akiwa Ubelgiji. Vita vilipoanza mwaka 1990, nyimbo na ngoma hizi zilitumika kuwakusanya watu nyuma ya RPF-Inkotanyi. Ndani ya nchi ngoma nazo hazikukatika, kwani kundi la taifa la Urukerereza lilianzishwa mwaka 1974. Lakini zile za uhamishoni ziligeuka kuwa siasa kamili: ushahidi kwamba sisi pia ni Wanyarwanda na tuna kwetu.

Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 wakimbizi hao wa zamani walirudi, na kati yao walikuwamo Waislamu waliokuja na Kiswahili cha Tanzania na cha Buyenzi. Wengine ni majirani zetu. Nyumba moja hapa bibi anacheza kinyarwanda alichofundishwa ugenini, na anaswali kwa nia aliyofundishwa kwa Kiswahili. Mwambieni achague!

Mwaka 2007 serikali ilirudisha Itorero kama mafunzo ya uzalendo, na wanafunzi wanaomaliza sekondari huenda huko. Wanaitwa intore, na kila kundi hutunga icyivugo chake, yaani majigambo. Wapo wazazi wenzetu walioogopa. Sisi tunasema mkumbuke Wahabeshi waliocheza kwa mikuki na ngao msikitini Madina siku ya Idi. Sayyidna Umar alitaka kuwazuia, Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache, na akawaita kwa jina la asili yao, Banu Arfida. Bibi Aisha akatazama mpaka akachoka. Imo katika Bukhari na Muslim. Wahabeshi wale walikuwa wageni Madina, na hawakuambiwa wasahau kwao kwanza. Bila shaka mavazi na nyakati za swala vina mipaka yake, na mwanafunzi anaweza kuomba hayo kwa adabu.

Kwa hiyo kijana wetu aachiwe ingoma. Hofu yetu iko upande mwingine. Intore ina serikali, ina makundi, na mwaka 2024 iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO. Kiswahili nacho kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, lakini watoto wetu ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kinyarwanda. Kaswida za wazee wetu hazina kundi wala ofisi. Zimo vichwani mwa bibi wachache wa hapa Nyakabanda na Biryogo, na kila mwaka tunamzika mmoja.

Tumewaomba wanafunzi walio likizo waende kwao na daftari na simu, wazirekodi na kuziandika. Bibi mmoja amekubali kwa sharti kwamba zake ziandikwe kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa utotoni. Katika vijana wote tumepata wawili tu wanaoweza kuandika Kiswahili kwa herufi hizo. Wanakwenda kwake kila Jumamosi baada ya Alasiri, na mpaka sasa wana kaswida nne.

Wabillahi tawfiiq.