Wiki Moja Chini ya Mijozi ya Dordogne

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka sabini na miwili, aliketi kando ya bwawa la maji ya buluu katikati ya mashamba ya Ufaransa, akalitazama kwa kitambo kirefu bila kunena neno, kisha akaniuliza swali moja tu: "Maji yote haya, mwanangu, huyanywa nani?"

Nikamjibu kwamba hayanywi mtu. Ni ya kuogelea na kujipumzisha. Mama akachukua kijiti, akapiga hesabu yake mchangani, nami nikamsaidia. Bwawa lilikuwa na urefu wa mita 8, upana wa mita 4, na kina cha wastani wa mita moja na nusu. Hizo ni lita 48,000, yaani madumu 2,400 ya lita ishirini. Mama, ambaye amebeba maji kichwani tangu utotoni mwake, akafuta hesabu ile kwa unyayo na kusema, "Basi tuwe na adabu nayo."

Tulifika huko Julai mwaka jana, Mama kwa kualikwa na mimi kwa kumsindikiza. Dada yangu mkubwa hufanya kazi ya upishi katika hospitali moja pembezoni mwa jiji la Paris. Mumewe, shemeji yangu, ni Mngazija, na kazi yake ni udereva wa mabasi. Wana watoto wawili, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitatu. Si matajiri watu hawa. Wanaishi katika ghorofa ya saba, wakisikilizana na majirani ukutani. Kwa hiyo nilipoarifiwa kwamba wamekodi nyumba nzima ya shamba yenye bwawa la kuogelea, kwa muda wa wiki moja, nilidhani dada amechanganyikiwa kwa furaha ya kumwona Mama. Msomaji atanisamehe: hata mimi nilikuwa nikiamini kwamba nyumba za namna hiyo ni za mabwanyenye.

SIKU NYEUSI

Kutoka Paris hadi wilaya za Dordogne, upande wa kusini-magharibi, ni mwendo wa takriban kilomita 500. Tuliondoka alfajiri ya Jumamosi, nasi hatukuwa peke yetu. Nyumba za likizo nchini humo hukodishwa zaidi kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi, hivyo katika miezi ya Julai na Agosti utadhani nusu ya taifa limehamia barabarani kwa siku moja. Idara itoayo taarifa za barabara huzipa siku hizo rangi: kijani, chungwa, nyekundu na, ile mbaya kupita zote, nyeusi. Shemeji, aliyezoea kuendesha magari kwa mshahara, aliendesha gari lake siku hiyo kwa subira iliyotustaajabisha.

Tukapita Orléans, kisha Limoges, mji uliojipatia sifa kwa vyombo vyake vya kaure. Baada ya hapo nchi ikaanza kuinuka na kushuka. Tukaona misitu ya mialoni, mabonde yenye mito, na mashamba ya mijozi iliyopandwa kwa mistari kama askari wa gwaride. Nyumba za huko hujengwa kwa mawe ya chokaa yenye rangi ya asali.

Nyumba yetu ilikuwa na kuta nene, paa lenye mwinamo mkali, mnara mdogo uliokuwa wa kufugia njiwa, na banda refu la mbao lililotumika zamani kukaushia tumbaku, kwa kuwa Dordogne ilikuwa nchi ya tumbaku kwa miaka mingi. Mwenye nyumba, bibi mmoja mjane, alikuwa akiishi katika nyumba ndogo ng'ambo ya ua. Alitupokea kwa kutusomea orodha ya mali yake: sahani kadhaa, visu kadhaa, sufuria kadhaa. Shuka tulikuja nazo wenyewe, na siku ya kuondoka tulitakiwa kufagia na kupiga deki, la sivyo amana yetu ingepungua. Jioni hiyo tulikula uani. Saa tatu na nusu ya usiku jua lilikuwa bado halijazama, na Mama alikataa katakata kuiita saa hiyo usiku.

LIKIZO ILIPIGANIWA

Dada alinieleza jinsi walivyoimudu gharama. Kila mwezi, kwa muda wa mwaka mzima, alikatwa fedha kidogo katika mshahara wake, na mwajiri akaongeza sehemu yake. Akiba hiyo hutolewa kwa njia ya hundi za likizo, mpango ulioanzishwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1982, nazo hupokelewa katika nyumba za wageni, katika treni na katika mikahawa. Sehemu iliyosalia walilipa taslimu.

Hapana budi tukumbuke kwamba likizo hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Mwezi Mei na Juni 1936, baada ya uchaguzi ulioipa ushindi Serikali ya Umoja wa Vyama vya Mrengo wa Kushoto iliyoongozwa na Léon Blum, wafanyakazi wa Ufaransa waligoma kwa wingi usiopata kuonekana, wakakaa ndani ya viwanda vyao. Matokeo yake, sheria ya tarehe 20 Juni 1936 ikampa kila mfanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo. Léo Lagrange, aliyekuwa na dhamana ya michezo na mapumziko katika serikali hiyo, akaweka tiketi ya treni iliyopunguzwa bei kwa asilimia 40. Wapo watu wazima walioiona bahari mara ya kwanza katika maisha yao kiangazi hicho. Wiki ya tatu iliongezwa mwaka 1956, ya nne mwaka 1969, na ya tano mwaka 1982.

Lakini kuwa na siku ni jambo moja, na kuwa na mahali pa kuzitumia ni jambo jingine. Hata leo takriban Wafaransa wanne kati ya kila kumi hawaendi likizo katika mwaka. Dada mwenyewe alikaa Paris miaka minane kabla ya kulala usiku mmoja nje ya mji huo kwa ajili ya mapumziko.

MASUKE BADALA YA NYOTA

Nyumba kama ile tuliyokodi Wafaransa huiita gîte, yaani mahali pa kulala. Ya kwanza ya mpango huu ilifunguliwa mwaka 1951 katika milima ya kusini-mashariki, kwa juhudi za seneta Émile Aubert, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la taifa liitwalo Gîtes de France. Wazo lilikuwa jepesi. Vijana wa vijijini walikuwa wakikimbilia mijini, na nyumba za mababu zilikuwa zikianguka. Wakati huo huo familia za mijini zilikuwa na likizo lakini hazikuwa na fedha za hoteli. Basi mkulima asaidiwe kutengeneza nyumba iliyo tupu, naye aikodishe kwa bei nafuu. Shirikisho hilo hupima ubora wa nyumba zake kwa masuke ya ngano, moja hadi matano, pale ambapo hoteli hutumia nyota.

Mjane wetu ni ushahidi wa historia hiyo. Jioni moja alikuja na bakuli la jozi, akakaa na Mama. Hawakuwa na lugha moja, ila dada aliketi katikati yao akifasiri. Bibi yule alisema kwamba alipoolewa, bonde lile lilikuwa na watu wa kutosha kuvuna tumbaku bila kuajiri kibarua hata mmoja. Mara baada ya Vita Kuu ya Pili, karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa Ufaransa walikuwa wakulima. Leo hawafiki asilimia 3. Wanawe wote wawili wapo Bordeaux. Shule ya kijiji imefungwa. Fedha za wageni wa kiangazi ndizo zinazolipia vigae vya paa, na bwawa lile alilichimba kwa mkopo, kwa sababu wapangaji wenye watoto huuliza bwawa kabla ya kuuliza vitanda.

"Analipenda?" Mama akauliza.

Dada akafasiri. Bibi akacheka, akasema hajapata kuingia ndani yake hata siku moja.

JIWE MLANGONI

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kulificha, lakini nitalieleza.

Bwawa lile limezungushiwa uzio, na mlango wake hujifunga wenyewe. Hiyo ni sheria. Kutokana na vifo vya watoto wadogo, Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya tarehe 3 Januari 2003, inayomtaka mwenye bwawa lililochimbwa ardhini aweke angalau kimoja kati ya vitu vinne: uzio, kifuniko, banda la kulifunika lote, au king'ora. Mabwawa mapya yalianza kubanwa na sheria hiyo Januari 2004, nyumba za kupangisha zikapewa hadi Mei mwaka huo, na mengine yote hadi Januari 2006. Uzio usipungue mita 1.10 kwa kimo. Asiyetii anaweza kutozwa faini ya hadi euro 45,000.

Yote hayo niliyasoma katika karatasi iliyobandikwa jikoni. Niliyasoma kama mwandishi, nikayaandika katika daftari langu. Siku ya Jumanne, nilipokuwa nikipeleka mikeka na sahani za chakula cha mchana bwawani, mlango ule ulinichosha kwa kujifunga kila mara. Nikachukua jiwe, nikauegemeza.

Mama alikuwa chini ya mjozi akichambua mchele. Nilisikia sauti yake kabla sijajua anamwita nani. Nilipogeuka, mpwa wangu alikuwa amekwisha kupita mlangoni akiufuata mpira wake, nao mpira ulikuwa ukielea. Alikuwa ameinama ukingoni, mkono ameunyoosha. Mimi nilikuwa mbali, na mikono yangu imejaa sahani. Aliyemwahi ni dada yake, binti wa miaka tisa, aliyemkamata kwa shati na kumvuta nyuma, wote wawili wakaanguka juu ya saruji. Mtoto akalia kwa sababu ya mpira.

Nalisema hili kwa faida ya wazazi: mtoto mdogo anapozama hapigi kelele. Huzama kimya, na dakika chache hutosha. Laiti Mama angekuwa amesinzia, hakuna sauti ambayo ingetuamsha.

Dada hakunigombeza, na shemeji alisema tu, "Alhamdulillahi." Mama ndiye aliyeniita kando. "Mwanangu," akasema, "mlango ule haukuwekwa kwa ajili yako wewe ujuaye kuogelea." Ng'ambo ya ua mjane alikuwa ameona kila kitu. Akaja polepole, akaliokota lile jiwe, akaondoka nalo. Sikuliona tena.

Sisi husema ajali haina kinga, na mara nyingi husema hivyo baada ya kuiondoa kinga kwa mikono yetu wenyewe.

PUMZI ZA WAGENI

Alhamisi tulikwenda Montignac, katika bonde la mto Vézère, kwenye pango la Lascaux. Vijana wanne waliligundua Septemba 1940, likiwa na picha za ng'ombe, farasi na paa zilizochorwa maelfu ya miaka kabla ya kuwapo kilimo. Hata hivyo hakuna mgeni aingiaye humo sasa. Pango lilifungwa mwaka 1963, kwa sababu pumzi na joto la umati wa watazamaji viliziharibu picha zile. Watu hutazama nakala: moja ilifunguliwa mwaka 1983, na nyingine kamili zaidi mwaka 2016.

Mama alipoelezwa kwamba wageni waliharibu kwa kupumua tu, alilikumbuka bwawa. Usiku huo alimuuliza bibi habari za maji. Bibi akaeleza kwamba bwawa halimwagwi kila mwaka. Maji huchujwa kwa pampu, hutiwa dawa, na hufunikwa wakati wa baridi, yakatumika miaka kadhaa. Lakini katika ukame mkali wa kiangazi cha 2022, sehemu nyingi za Ufaransa zilipiga marufuku kujaza mabwawa, na zaidi ya vijiji na miji midogo 100 ilikosa maji ya bomba. Mwaka huo aliyatazama maji ya bwawa yakipungua, wapangaji wakalalamika, naye akawaonyesha bustani yake iliyokauka.

SIKU 28

Jumamosi asubuhi tulifagia, tukapiga deki, tukahesabu visu, tukarudishiwa amana. Mama alimpa bibi kanga. Sikuwaona wakiagana, maana nilikuwa nikipakia mizigo.

Nimerudi Dar es Salaam na swali moja. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Siku zangu nimezitumia kusimamia mafundi, kuhudhuria harusi na mazishi, na mwaka mmoja sikuzichukua kabisa, nikajiona shujaa. Wanangu hawajapata kukaa na baba yao siku saba mfululizo. Bwawa si lazima, wala nyumba ya mawe. Ila siku zile ni haki yao kama zilivyo haki yangu.

Desemba iliyopita niliwachukua pamoja na mama yao, tukaenda Pangani kwa wiki moja. Tulilala katika nyumba ya ndugu na kuoga baharini. Uzio haukuwapo, kwa hiyo kila walipoingia majini mimi nilisimama hadi magotini kati yao na kina, bila gazeti wala simu mkononi. Na Mama, chini ya mvinje, alikuwa akihesabu vichwa.