Ndege Isiyoacha Ardhi

Kuna watu ambao jioni, kazi zikishakwisha na nyumba ikishatulia, huingia katika chumba kidogo, huketi mbele ya kioo cha kompyuta, na kabla hawajairusha ndege hutumia nusu saa wakiiamsha. Ndege huwa imelala, baridi na giza: betri imezimwa, pampu za mafuta zimefungwa, hakuna taa hata moja. Swichi huwashwa moja baada ya nyingine kwa kufuata orodha ile ile anayoisoma rubani wa kweli. Mafuta hupimwa, uzito wa abiria wasiokuwapo hukokotolewa, na hali ya hewa ya huko kwendako huulizwa. Ndipo safari huanza. Akitoka London kwenda New York, mtu huyo hukaa kitini saa saba au nane, kwa kuwa ndivyo safari yenyewe ilivyo, ilhali kitufe cha kuukimbiza wakati kipo karibu na kidole chake na hakuna wa kumlaumu akikibonyeza.

Wako wasiotosheka na kioo. Hao hununua kiti na usukani vilivyong'olewa katika ndege kuukuu, wakajenga chumba kizima cha rubani ndani ya banda la gari, kwa vipimo vile vile vya Boeing 737, hata umbali wa swichi moja na nyenziwe usipungue. Tangu mwaka 2001 upo mtandao uitwao VATSIM, ambamo watu wa kujitolea hukaa zamu kama waongoza ndege. Rubani wa nyumbani huomba ruhusa ya kuondoka kwa sauti yake, na mwingine, aliye nyumbani kwake katika nchi nyingine, humjibu kwa lugha ya kazi, amngojeshe ikiwa njia ina ndege. Wote wawili hawalipwi hata senti.

Mtazamaji asiyehusika hucheka, na ana haki yake ya kucheka. Lakini baada ya kicheko hubaki swali. Mchezo, kwa kawaida, ni kitu cha kumpunguzia mtu uzito wa dunia. Mbona hawa kila mwaka wanauongezea mchezo wao uzito? Wanaidai programu yao iwape injini zinazoharibika, ukungu unaofunga uwanja, na upepo wa ubavuni unaomkosesha mtu raha ya kutua. Mtu aliyetaka kujidanganya tu angechagua uongo ulio mwepesi zaidi.

Chanzo cha jambo hili hakikuwa mbali na sanaa. Edwin Link, wa mji wa Binghamton katika jimbo la New York, alikulia katika kiwanda cha baba yake kilichounda piano na vinanda vya upepo. Akijua namna mivukuto na pampu zinavyosukuma hewa ndani ya kinanda, mwaka 1929 alizitumia hewa na ngozi hizo hizo kutikisa kisanduku chenye mabawa mafupi, ambacho mwanafunzi aliketi ndani yake akajifunza kuongoza ndege bila ya kuondoka ardhini. Wa kwanza kukichangamkia walikuwa wenye viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipokabidhiwa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani wake wakafa katika mawingu na giza wasiloweza kulisoma, ndipo lilinunua visanduku sita. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, askari wa anga zaidi ya laki tano walikuwa wamepitia humo. Kilichoanza kama pembea ya sikukuu kilikuwa kimeokoa roho za watu, kwa sababu kilimruhusu mtu akosee mahali ambapo kosa haliui.

Kutoka kwenye mivukuto, mfano ulihamia kwenye hesabu. Bruce Artwick, mhandisi aliyesoma Chuo Kikuu cha Illinois, alitoa programu yake ya kwanza ya urukaji mwishoni mwa mwaka 1979, na mwaka 1982 Microsoft ikatoa ya kwake iliyotokana na kazi ya Artwick. Milima yake ilikuwa mistari, na miji ilikuwa miraba. Safari kwa desturi ilianzia Meigs Field, kiwanja kidogo cha Chicago kando ya ziwa, na mamilioni ya watu ambao hawajapata kukanyaga Marekani walikijua kama mtu anavyoijua baraza ya kwao. Usiku wa tarehe 30 Machi 2003, meya wa mji alipeleka matingatinga yakaichimbua njia ya kurukia, na kiwanja kikafa. Marubani wa nyumbani waliendelea kuruka kutoka hapo. Mwaka 2022, programu ilipotimiza miaka arubaini, Meigs Field ilirejeshwa ndani yake rasmi. Asili imekuwa bustani. Mfano bado una taa za usiku.

Programu iliyotoka mwaka 2020 iliichukua dunia nzima kwa picha za setilaiti, na pale picha ilipokuwa bubu, kompyuta ilikisia nyumba na miti. Makisio yakazaa vichekesho. Huko Melbourne, katika mtaa wa nyumba fupi, ulichomoza mnara mwembamba wa ghorofa 212, kwa sababu mtu mmoja aliyekuwa akijaza ramani ya hiari aliandika 212 mahali pa 2, na mashine haikushangaa. Binadamu wa mtaa ule angejua mara moja. Hapo ndipo inapoonekana kwamba uhalisi una sura mbili: uhalisi wa picha, ambao kamera huutoa kwa wingi, na uhalisi wa kanuni, ambao hupatikana kwa mtu kujua kitu kina mzigo gani, kinaogopa nini, na kinavunjika wapi. Marubani wa nyumbani walio makini husamehe kasoro za ule wa kwanza. Wa pili hawausamehei.

Mfasiri anaufahamu mgawanyo huu vizuri. Mwalimu Nyerere, akiwa na nchi ya kuongoza, alilifasiri igizo la Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka 1963, na hakuridhika. Mwaka 1969 alilitoa upya, limesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Hakuna mpiga kura aliyemtuma. Ilikuwa kazi ya ridhaa, nayo kazi ya ridhaa ina ukali wake: mwenye mshahara husimama pale alipoambiwa pametosha, na mwenye mapenzi hajui pa kusimama. Hali kadhalika mtunga mashairi anayejifunga vina na mizani ambavyo hakuna sheria ya nchi inayomlazimisha. Amejitia mwenyewe katika chumba chembamba, kwa kuwa amegundua kwamba wembamba wake ndio unaolazimisha neno lisimame wima.

Katika Afrika Mashariki, mapenzi hayo aghalabu yamekwenda upande wa pili. Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Nyeri nchini Kenya, ambaye habari zake zilienea mwaka 2010, aliunda ndege za kweli, za bati na mabomba, kwa elimu aliyoiokota katika intaneti. Mashine zake za mwanzo zilikimbia ardhini zaidi kuliko zilivyopaa. Yule wa Ulaya anairusha ndege isiyokuwapo, na huyu wa Nyeri alikuwa na ndege isiyoruka. Ukiwaweka pamoja utaona wamegawana kitu kimoja nusu kwa nusu, na kwamba aliyebeba nusu nzito, nusu inayoweza kumvunja mtu shingo, ndiye aliyekuwa na zana chache.

Sasa na iruke ndege hiyo ya kompyuta kutoka kiwanja cha Mwanza, ielekee kusini-magharibi. Ghuba inapita chini, na kushoto, mbali kidogo, ni mahali pa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 2025. Ikiwa picha ya setilaiti ilipigwa kabla ya hapo, rubani wa nyumbani hataona daraja. Ataona maji, kwa maana kila picha ni habari ya jana. Kisha Sengerema, kisha Geita na mashimo yake makubwa ya mgodi wa wazi ulioanza uzalishaji mwaka 2000. Mbele zaidi ni Rwamgasa, ambayo wengine huiandika Lwamgasa au Rwamagasa: mabati, vumbi jekundu, na vitone vingi vya giza kama ndui usoni mwa ardhi.

Vitone hivyo ni maduara. Kamera huishia mdomoni mwake. Ndani, mtu ameshuka kwa kamba na tochi, akiyategemea matimba, yaani magogo yanayozuia kuta zisiporomoke, na akilifuata jiwe jeupe lenye mshipa. Juu ya ardhi, mawe hayo husagwa katika karasha ambazo mlio wake haukomi mchana kutwa. Unga husafishwa kwa maji mialoni, juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa gunia la katani. Mchanga mzito uliobaki hukandwa na zebaki katika karai, mara nyingi kwa mikono mitupu. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa. Zebaki hupaa kwa moshi usioonekana, na dhahabu hubaki, ndogo kama punje ya mtama. Hayo yote yakitazamwa kwa urefu wa futi elfu tatu, hata programu bora kuliko zote haina la kuonyesha ila mabati na vumbi.

Kati ya mwaka 2002 na 2007 Rwamgasa ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na UNIDO katika nchi sita, nazo ni Brazil, Indonesia, Laos, Sudan, Tanzania na Zimbabwe. Mwaka 2003 madaktari waliwapima wachimbaji wa hapo na kuwalinganisha na watu wa Katoro, mji wa jirani, wasioshika zebaki. Vipimo vyenyewe vilikuwa vya unyenyekevu mkubwa. Fumba macho uguse ncha ya pua kwa kidole. Tembea katika mstari ulionyooka. Panga njiti za kiberiti ndani ya kisanduku chake, upesi uwezavyo. Gonga penseli karatasini, nukta kwa nukta. Wachomaji wa zebaki ndio walioonyesha dalili nyingi zaidi: mikono inayotetemeka, na miguu isiyokubaliana na mwenyewe.

Hiyo nayo ni orodha ya ukaguzi. Rubani wa nyumbani huisoma ya kwake kabla ya kuwasha injini ambayo haimdhuru. Mchimbaji alisomewa ya kwake baada ya miaka ya kupumua moshi, na swichi iliyokuwa ikikaguliwa ni mkono wake mwenyewe.

Neno la Kiswahili la jambo hili lina busara ambayo lugha nyingine huigawa. Mfano ni kitu kinachofanana na kingine. Na mfano, vilevile, ni kitu ambacho wengine hutakiwa wakifuate. Chombo cha Link kilikuwa mfano kwa maana zote mbili. Rwamgasa pia imepata wa kwake. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, kupitia mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, lilijenga vituo vitatu vya mfano kwa ajili ya wachimbaji wadogo: Lwamgasa, Katente huko Bukombe, na Itumbi huko Chunya. Humo mchimbaji huona jiwe lake likisagwa na kuchenjuliwa kwa njia inayotoa dhahabu zaidi bila zebaki. Hapa mfano hauigi mgodi ulivyo. Mgodi ndio unaoombwa uuige mfano.

Kuombwa ni jambo jepesi, kuitika ni jambo jingine. Marubani wa nyumbani wana kitu kimoja ambacho mtazamaji husahau kukihesabu wanapohesabiwa viti na vioo vyao, nacho ni saa za ziada. Mazoezi yanahitaji mtu awe na siku ambayo akiipoteza hatalala na njaa. Mchimbaji wa duara aghalabu halipwi mshahara. Hulipwa fungu la mawe yatakayotoka, kama yatatoka. Siku ya kujifunza ni siku isiyo na fungu, na donge la zebaki huchomwa kwa dakika chache tu, mnunuzi akiwa amesimama pembeni na mizani yake. Anayemlaumu kwa haraka yake hana budi kwanza amlipe siku yake.

Kwa hiyo kupima uhalisi kwa ukamilifu wa picha hakutoshi. Kipimo kizuri zaidi ni kuuliza mkono umejifunza nini kabla ya hatari kuufikia, na ni mikono ya nani iliyopewa nafasi hiyo. Katika chumba kile cha jioni mtu hutua vibaya, ndege ikavunjika vipande, akacheka, akaanza tena kutoka mwanzo wa njia. Marubani wa zamani wa barua hawakuwa na bahati hiyo hadi fundi wa vinanda alipowatengenezea. Huko Rwamgasa kijana mpya anayeshuka leo kwa mara ya kwanza hujifunza duara ndani ya duara lenyewe, kwa kumtazama aliyemtangulia kushika kamba.

Rubani wa nyumbani, akishazunguka mara moja juu ya Rwamgasa, hugeuza. Mafuta aliyoyapima yanamtosha kurudi Mwanza, na giza linaingia. Chini, mabati yanazima rangi moja moja. Programu, kwa makisio yake, inawasha taa katika nyumba ambazo haijui ni za nani.