Theluji ya Masika

Saa tano na nusu usiku, nje ya kambi ya Kibo, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, theluji ilikuwa imefika vifundo vya miguu. Kiongozi wetu, mzee wa Marangu aliyeanza kupanda mlima huu akiwa kijana, aliikanyaga mara mbili, akasikiliza inavyolia chini ya buti, kisha akasema: "Imeshika. Leo tutapanda vizuri, wanangu."

Wengi huukwepa Kilimanjaro wakati wa masika, na sababu wanazo. Kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara tulitembea katika mvua na tope, na hata kambi ya Horombo soksi zilikataa kukauka. Lakini mvua inayokulowesha msituni, huko juu hudondoka kama theluji. Niliwahi kupanda Septemba, wakati wa kiangazi, nikakuta mlima mwingine kabisa: vumbi, msururu wa taa za kichwani, na kokoto za volkano zinazoporomoka na kukurudisha nyuma kila unapopiga hatua.

Kokoto hizo ndizo zilizonifanya niipende theluji. Usiku baridi huzigandisha zikashikamana, na buti hubaki pale ulipoliweka. Mzee alitangulia akichonga vidato kwa ncha ya buti lake, nasi tukatia miguu humo humo, pole pole, pumzi moja kwa hatua moja. Tulipolipita pango la Hans Meyer mawingu yalikuwa yamebaki chini yetu. Mwezi uliiangaza theluji hata tukazima taa. Nyuma yetu kilele cha Mawenzi kilisimama cheusi, mistari myeupe ikiwa imelala katika kila ufa wa mwamba wake. Sijaona uzuri kama ule mahali pengine popote.

Kuanzia Gilman's Point, mita 5,685, mambo hubadilika. Njia inafuata ukingo wa kasoko, na kabla ya jua kuchomoza theluji ya hapo ni ngumu kama kigae. Tulifunga njumu za chuma chini ya buti, tukawa tunachomeka fimbo kwanza, ndipo mguu ufuate. Asiye na njumu ageuke hapo hapo. Amekwisha kufika ukingoni mwa kilele cha Kibo, na hiyo ni heshima tosha.

Mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe huu kwa mbali, tarehe 11 Mei 1848, masika kama sisi, mwenyeji aliyemwongoza aliuita kwa neno moja tu: baridi. Huko London walikuwepo wasomi waliokataa kusadiki kwamba theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta. Neno la yule mwenyeji nililielewa nikiwa Stella Point, mbele kwenye ukingo huo huo, alfajiri, kope zimeingia chembe za barafu na maji ya kunywa yameganda kwenye chupa.

Kisha jua likatoka, tukafika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Upande wa kusini kuta za barafu zilikuwa za rangi ya samawati. Tangu 1912 mlima huu umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na uhaba wa theluji mpya ni sababu mojawapo. Theluji mpya huurudisha mwanga wa jua angani. Ikikosekana, jua huila barafu yenyewe. Mzee alinyoosha fimbo kuelekea kwenye mawe matupu. "Nilipoanza kazi, barafu ilifika pale." Asubuhi ile mawe yale yalikuwa meupe, na aliyatazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kibao cha kilele.

Tulishuka saa tatu, miwani ya jua machoni, kwani mng'ao wa theluji huumiza macho. Ilikuwa imelainika, tulizama hadi magotini, na mabonge yakaganda kwenye nyayo. Vidato vya usiku vilikuwa vimejaa maji. Chini, juu ya Horombo, mawingu yalianza tena kupanda.

"Usiku itaanguka nyingine," mzee alisema, akaongeza mwendo.